UZI: "Sorry" si "samahani" kila mahali. Tulichambue neno hili

#1 Kalamu Nyekundu

Wakuu, salaam.

Maneno magumu ya Kiingereza hayaharibu tafsiri sana, kwa sababu mtu akikutana nayo hufungua kamusi. Yanayoharibu ni yale mepesi ambayo kila mtu anayajua. Naanza na kinara wao: "sorry".

Asili yake kwanza, maana ndiyo inayofumbua mengine. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno "sār", kidonda au maumivu, ambalo leo ni "sore". Kutoka hapo likapatikana "sārig", mwenye maumivu, ndiyo "sorry" yetu. Watu wengi hudhani ni ndugu wa "sorrow", huzuni. Si ndugu wa kuzaliwa, yale ni majirani waliokaa karibu karne nyingi hadi wakaambukizana sauti na maana. Kwa hiyo mtu wa zamani aliposema "I am sorry" alikuwa anasema moyo unamuuma. Habari ya kukosa na kuomba msamaha ilipandishwa baadaye juu ya maumivu yale yale, na mpaka leo neno linabeba mizigo yote miwili bila kukuambia upi ni upi.

Kiswahili kimeitenga mizigo hiyo. Mwenzangu ameumia: pole. Nimekosa mimi: samahani, niwie radhi, naomba msamaha. Naumia lakini sisemi nani amekosa: nasikitika. Nimekosa na kosa linanirudi mwenyewe: najuta. Mfasiri hawezi kuandika hata herufi moja kabla ya kujua nani ameumia na nani amesababisha.

"Sorry I'm late": Samahani, nimechelewa.

"I'm sorry to hear your mother is ill": Pole kwa kuuguliwa na mama. Mashine na vijana wa haraka huandika "Samahani kusikia mama yako ni mgonjwa", kana kwamba kusikia ndiko kosa.

"I'm sorry to say": Nasikitika kusema.

"You'll be sorry": Utajuta. Kama msemaji amekunja ngumi, utakiona cha mtema kuni.

"I feel sorry for him": Namwonea huruma. Likitamkwa katikati ya ugomvi ni tusi, na bahati nzuri "nakuonea huruma" nayo inatukana vilevile.

"Say sorry to your sister": Mwombe dada msamaha. Hapo limegeuka kama nomino.

"Better safe than sorry": Tahadhari kabla ya hatari. Usihangaike kutafuta neno la "sorry" humo ndani, halipo.

Halafu kuna "sorry" inayokaa mbele ya nomino: "a sorry state", "a sorry sight". Hiyo haihusiani na radhi hata kidogo. Ni maana ya unyonge: hali ya kusikitisha, mandhari ya kutia huruma. Macbeth, katika tamthilia ya Shakespeare, akitazama mikono yake yenye damu husema "a sorry sight" kwa maana hiyo. Na "a sorry excuse for a teacher" si udhuru wa mwalimu, ni mwalimu jina tu.

Karibuni tuongeze.

---

#2 Mwanagenzi

Shikamoo mwalimu Kalamu. Naomba ufafanuzi wa vihusishi. Kuna "sorry for", "sorry about", "sorry to". Ni mapambo tu au yanabadilisha tafsiri?

---

#3 Kalamu Nyekundu

Marahaba. Yanabadilisha.

"Sorry to" pamoja na kitenzi kitupu mara nyingi ni jambo linalofanyika sasa hivi au linalotaka kuanza: "Sorry to bother you" husemwa mlangoni, kabla hujasumbua sana. Samahani kwa kukusumbua, au "samahani, nina shida kidogo". "Sorry for bothering you" huelekea nyuma, umeshasumbua na unaondoka: samahani kwa usumbufu. Kama wanataka kusisitiza kuwa jambo limekwisha, husema "Sorry to have kept you waiting": samahani kwa kukuweka.

"Sorry about" hupenda vitu na matukio, na uzito wake ni mdogo. "Sorry about the noise" ni ya jirani mwenye fundi ndani. "Sorry about that" ni nyepesi zaidi, ya kuangusha kijiko.

"Sorry for" ndiyo yenye mtego, kwa sababu kinachofuata kikiwa tendo langu ni radhi, kikiwa mtu ni huruma, kikiwa msiba ni pole. "Sorry for your loss" imeganda, ni salamu ya msiba: Pole kwa msiba. Nimeona "pole kwa hasara yako" ikitumwa kwa mfiwa. Hasara ni ya dukani.

Na jambo dogo ambalo Kiingereza hakikukumbushi: wingi. "Sorry" moja inamtosha mtu mmoja na ukoo mzima. Barua ya rambirambi ikielekezwa kwa familia, ni poleni. Ukiandika "pole" umewaacha watu nje ya mlango.

---

#4 Binti Mvita

Kwa msiba, huku pwani tuna "makiwa" pia. Mwingereza wa riwaya akiwa mzee wa heshima na msiba ni mzito, "makiwa" inakaa vizuri kuliko "pole", maana "pole" tumeitumia mno kwa kazi, safari na hata foleni. Lakini mfasiri awe na hakika msomaji wake analijua. Bara wengi watadhani umekosea "makini".

---

#5 Kizimbani

Ndugu Kalamu umeeleza upande mmoja, kutoka Kiingereza kuja kwetu. Upande wa kurudi ndio unaopeleka watu pabaya, hasa penye ukalimani wa mahakama, polisi na bima.

Shahidi anasema: "Nilimkuta ameanguka, nikamwambia pole." Mkalimani asiyefikiri anatoa: "I found him on the ground and told him sorry." Kwa hakimu asiyejua Kiswahili sentensi hiyo ina harufu ya kukiri. Kwa nini umwombe radhi kama hukumgonga? Wakili wa upande wa pili atakamata hapo hapo. Tafsiri salama ni "I expressed my sympathy", au kama lugha ya shahidi ni ya kawaida sana, "I said I felt bad for him".

Mkalimani hana ruhusa ya kuongeza maelezo yake kimyakimya. Utaratibu ni huu: unatoa tafsiri, kisha, kama kuna hatari ya kutoelewana, unaomba idhini ya hakimu na kusema kwa nafsi ya tatu kuwa mkalimani angependa kueleza kwamba neno "pole" halibebi kukiri kosa. Ukishaeleza mara moja, unaendelea. Usisubiri mpaka swali la kumhoji shahidi lijengwe juu ya neno lako, maana hapo marekebisho yataonekana kama unamtetea.

Na kuna "pole" ambazo hazina "sorry" yoyote kwa Kiingereza. "Pole na kazi" ukiigeuza "sorry for the work" hakuna atakayekuelewa. Mwingereza mahali hapo husema tu "hello", au "busy day?". "Pole na safari" ni "how was your journey?". Kwa mgonjwa, "pole" ni "I hope you feel better soon". "Nimeshapoa" ya kujibu pole itoe kama "thank you" na uende zako.

---

#6 Mtaa wa Pili

Nafuatilia. Hiyo ya kizimbani ni nzito aisee.

---

#7 Mwandani wa Sheria

Niongezee alipoachia Kizimbani, kwa sababu suala hili lina sheria zake.

Massachusetts, Marekani, ilitunga mwaka 1986 kanuni kwamba maneno ya kumpa pole aliyeumia ajalini hayawezi kutumika kama ushahidi wa kukiri kosa. California ikafuata mwaka 2000, kifungu cha 1160 cha sheria yake ya ushahidi, na hapo ndipo pana somo la lugha: huruma inalindwa, kukiri hakulindwi. "I'm sorry you were hurt" haiingii mahakamani. "I'm sorry, it was my fault" nusu yake ya pili inaingia. Sheria imekata sentensi mahali pale pale Kiswahili kinapokata kati ya pole na samahani.

Kanada walikwenda mbali zaidi. British Columbia mwaka 2006 na Ontario mwaka 2009 walilinda yote, huruma na kukiri. Uingereza na Wales, sheria ya fidia ya 2006, kifungu cha 2, inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe.

Sasa hebu chukua barua ya hospitali ya California: "We are sorry for the pain you have experienced." Mwanasheria wao ameipima kila neno. Wewe unaandika "Tunaomba radhi kwa maumivu tuliyokusababishia." Umeongeza mkosaji ambaye hayupo kwenye barua. Inatakiwa: "Tunakupa pole kwa maumivu uliyoyapata." Angalia pia kitenzi: *uliyoyapata*, si *tuliyokusababishia*. Hata ukichagua "pole" sahihi, kirejeshi, yaani kitenzi chenye maana ya "ambayo" ndani yake, kinaweza kukuponza.

---

#8 Bonde la Ufa

Wakuu, kuna upande wetu Kenya hamjaugusa. Kiingereza cha Afrika Mashariki chenyewe kimebadilisha "sorry". Mtu akijikwaa barabarani Nairobi, asiyemjua atasema "sorry!" na hakuna anayeshangaa, kwa sababu ni "pole" iliyovaa koti. Mwingereza mgeni hujibu "it's not your fault". Afrika Magharibi nao wanaitumia hivyo hivyo. Kwa hiyo ukitafsiri riwaya ya Kiingereza ya mwandishi wa huku, usitumie kanuni za London. "Sorry" ya mhusika wa Nakuru kwa aliyedondosha mzigo ni "pole", mwisho.

Ila nilichotaka kusema hasa ni lugha ya serikali, kwa sababu hapo neno linaonekana zaidi kwa kukosekana kwake. Juni 6, 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, alisimama bungeni London kuhusu mateso ya wakati wa Mau Mau. Malipo yalikuwa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Neno alilotumia ni "sincerely regrets". Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles akiwa Nairobi alisema makosa yale ni chanzo cha "the greatest sorrow and the deepest regret". Hakuna "sorry" wala "apologise" hapo. Mwandishi wa habari akiandika "Mfalme aomba radhi" amempa mfalme maneno ambayo hakuyasema. Andika "aeleza huzuni na masikitiko makubwa", na msomaji ataona mwenyewe kilichokosekana.

Linganisha na siku iliyofuata, Novemba 1, huko Songea. Rais Steinmeier wa Ujerumani, akizungumzia vita vya Maji Maji, aliomba msamaha kwa neno lenyewe la Kijerumani la kuomba msamaha. Hapo "aomba msamaha" ni halali yake. Siku mbili, nchi mbili jirani, na tofauti yote imo kwenye kitenzi.

---

#9 Kalamu Nyekundu

Mkuu Bonde la Ufa, umegusa penyewe. "Kusikitika" ndiyo silaha ya mfasiri wa matamko. Haisemi nani kakosa. Ikiwa Kiingereza kimekwepa, nasi tukwepe pale pale. Kazi yetu si kumsaidia mtu kutubu.

Vivyo hivyo kwa zile radhi za mdomoni: "I'm sorry if anyone was offended." Hiyo "if" ndiyo sentensi nzima. "Samahani kama kuna aliyekwazika." Ukiandika "samahani kwa wote niliowakwaza" umemsafisha bure.

---

#10 Jicho la Mashariki

Mfano maarufu zaidi wa ukwepaji huo ni ndege ya Hainan, kisiwa cha China. Aprili 1, 2001, ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya EP-3 iligongana na ndege ya kivita ya China aina ya J-8. Rubani Wang Wei akapotea, EP-3 ikatua bila ruhusa kwenye uwanja wa Lingshui, huko Hainan, na watu 24 waliokuwamo wakashikiliwa. Beijing ilitaka "daoqian", kuomba radhi kwa kukiri kosa. Washington haikutaka kulitamka.

Barua ya balozi wa Marekani, Joseph Prueher, ya Aprili 11 ikatumia "very sorry" mara mbili: moja kwa kupotea kwa rubani, moja kwa kuingia anga ya China na kutua bila idhini ya mdomo. China ikaitoa kwa watu wake kama "shenbiao qianyi", maneno yenye radhi ndani yake. Marekani ikawaambia wake kuwa si radhi, ni masikitiko. Watu wakaachiwa.

Sasa jaribuni kuiweka kwa Kiswahili. Ya kwanza ni rahisi, pole kwa familia. Ya pili inakukwamisha: tendo ni la kwao wenyewe, kwa hiyo "pole" haikai, na "samahani" inakiri. Inabaki "tunasikitika sana kwamba ndege iliingia na kutua bila idhini". Utata uliookoa mazungumzo yale Kiswahili kingeuruhusu kwa neno hilo moja tu.

---

#11 Mtaa wa Pili

Mbona Dar tunaanza na "samahani" hata kuuliza njia? "Samahani, stendi ni wapi?" Hapo nimekosa nini?

---

#12 Binti Mvita

Hujakosa kitu kaka, unabisha hodi. Mmarekani hapo husema zaidi "excuse me", Mwingereza husema "sorry" au "excuse me". Ukitoka Kiswahili kuja Kiingereza, "samahani" ya kufungulia mazungumzo iwe "excuse me", haina utata.

"Sorry" ya kupenya katikati ya watu ni "naomba kupita", na kama mtu amebeba mzigo, "simile!" inamtosha. Msukuma mkokoteni haombi radhi, anatoa onyo.

Na "Sorry?" yenye sauti inayopanda mwishoni ni "sijasikia, rudia". Kwa mkubwa, mwanamume atasema "naam?", mwanamke "abee?". Kwa wenzio "unasemaje?". Ikiandikwa "samahani?" inaeleweka, lakini ni Kiswahili cha runinga.

---

#13 Jicho la Mashariki

Hilo la kurudia lina siasa ya tabaka kwa Waingereza. Mwaka 1954 Alan Ross, mtaalamu wa isimu, aliandika makala iliyochapishwa Helsinki kuhusu maneno yanayotofautisha watu wa tabaka la juu na wengine. Alieleza kuwa wasio wa juu hutumia "pardon" kwa mambo matatu: wasiposikia, wakimgusa mtu kwa bahati mbaya, na baada ya kwikwi. Wa juu husema "what?" kwa la kwanza, "sorry!" kwa la pili, na kwa kwikwi hunyamaza. Mwandishi Nancy Mitford akaieneza mwaka uliofuata, na mabishano hayajaisha.

Kwa mfasiri maana yake ni kwamba mhusika wa Kiingereza anayesema "pardon?" pengine amechorwa kama mtu anayejikweza. "Kumradhi?" inaweza kuibeba hiyo, kwa kuwa nayo ina ukakasi wa kujipamba.

Waingereza pia huitamka "sorry" hata wakigongwa wao. Mwanaanthropolojia Kate Fox aliwagonga watu makusudi mitaani na vituoni, na yapata asilimia 80 ya Waingereza aliowagonga ndio walioomba radhi. Hiyo si radhi, ni mlio. Kwetu "oh!" inatosha.

---

#14 Mchapa Maandishi

Naongezea kwa wanaoandika maneno ya chini ya filamu. Kipimo kinachotumika sana ni herufi 42 kwa mstari, mistari 2, na takriban herufi 17 kwa sekunde. "Sorry" hutamkwa kwa chini ya nusu sekunde. "Samahani" ni herufi 8, inakaa kwa shida kidogo. "Naomba unisamehe" ni 16 pamoja na nafasi, inataka karibu sekunde nzima. Kwa hiyo nafasi ikibana:

Mhusika akimkanyaga mwenzie: "Samahani." Akijirekebisha katikati ya sentensi ("It was Monday, sorry, Tuesday"): "Jumatatu, aa, Jumanne." Usiweke samahani hapo, inasimamisha sentensi bure. Akipinga hoja ("I'm sorry, but that's a lie"): "Hapana, huo ni uongo." "Sorry" ya hapo ni kuvuta pumzi kabla ya kupiga.

Kosa ninalolisahihisha kila wiki ni tukio la hospitalini. Daktari anatoka, anasema "I'm sorry", familia inalia. Mtu anaandika "Samahani." Sasa mtazamaji anadhani daktari ndiye aliyeua. Andika "Poleni sana."

Na matamshi, kwa wanaoigiza sauti: Mmarekani husema karibu na "sari", Mkanada "sori" kwa *o* kamili. Mswahili akitamka anavyoandika anafanana na Mkanada, asijisahihishe.

---

#15 Bonde la Ufa

Hapo kwa daktari umeua, mkuu.

Watu wa programu za simu nao: "Sorry, something went wrong" ni "Samahani, kuna hitilafu. Jaribu tena." Nimekuta "Pole, kuna kitu kilienda vibaya." Mashine imeharibika yenyewe halafu inanipa pole mimi! Kampuni za simu zilishatufundisha na sauti yao ya "samahani, mteja hapatikani", mpaka Kenya asiyepatikana akaitwa "mteja".

---

#16 Mwanagenzi

Swali la mwisho wakuu. Nina tangazo: "We are sorry for any inconvenience caused." Nimeandika "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliosababishwa." Tangazo ni la kukatika kwa maji wiki ijayo. Naona kuna kitu hakikai.

---

#17 Kalamu Nyekundu

Kirejeshi. "Caused" haina wakati, inafaa kabla na baada. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Maji yakishakatika na kurudi: usumbufu *uliojitokeza*. Yakiwa yamekatika sasa: *unaojitokeza*. Ya wiki ijayo: *utakaojitokeza*. "Wowote" ifute, kwetu inasikika kama hamwamini kwamba kutakuwa na usumbufu, na watu wa ghorofa ya nne wenye ndoo hawataipenda.

"Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza." Na saa za kukatika ziandike juu, kabla ya radhi.

---

#18 Jicho la Mashariki

Kabla uzi haujazama, kuna moja imesahaulika. Kiingereza cha Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, kina "sorry business", shughuli zote za msiba: kukusanyika, kuomboleza, na mara nyingi kutolitaja jina la marehemu kwa muda. Hapo maana ya kale ya maumivu imebaki hai. Ni "msiba" au "shughuli za matanga", kamwe si "biashara ya radhi".

Nchini humo humo, neno likageuka dai la kisiasa. Ripoti kuhusu watoto wa Kiaborijini walioondolewa kwa wazazi wao ilifikishwa bungeni Mei 26, 1997, na kuanzia 1998 tarehe hiyo ikawa Siku ya Sorry. Waziri Mkuu Howard mwaka 1999 alikubali "deep and sincere regret", akaishia hapo. Mei 28, 2000, umati ukivuka daraja la bandari ya Sydney, ndege iliandika "Sorry" angani kwa moshi. Waziri Mkuu aliyemfuata, Kevin Rudd, akaja kulitamka bungeni Februari 13, 2008.

Ukitafsiri hotuba ya Rudd, "we say sorry" iwe "tunaomba radhi", kila inaporudi, bila kubadilisha neno kwa ajili ya urembo. Na ile ya angani, kama picha iko kwenye kitabu, iache "Sorry" kama ilivyoandikwa, maelezo yaende chini ya picha.